Ukingo Mwembamba na Sakafu ya Nyanya

Wasomaji wengi wa kurasa hizi ni wakulima na makarani, na hapana shaka kila mmoja wenu ana shoka, au jembe, au panga nyumbani kwake, hata ikiwa hushinda mezani na kalamu yake siku zote za kazi. Kwa sababu hiyo nathubutu kuandika juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, yaani ukingo wa kitu unaokonda kidogo kidogo hata ukawa kama si kitu. Mafundi hukutana nao kila siku. Mimi si fundi. Nalifanya kazi ya ukarani miaka 31, kisha nikarudi shambani kwetu Taita, na ujuzi mdogo nilio nao katika kazi ya mikono niliupata kwa kosa moja nililolifanya katika nyumba ya Nyanya yangu. Kosa lilikuwa langu, lakini aliyelilipia ni yeye.

Mwezi wa Desemba mwaka 1987 nalipewa likizo, nikaenda nyumbani. Nyumba ya Nyanya ilikuwa na kuta za matofali, na sakafu ya saruji aliyoitengeneza Mjomba zamani, wakati mimi nilipokuwa bado mtoto wa shule. Mahali uliposimama mtungi wa maji, karibu na mlango wa kwendea jikoni, sakafu ilikuwa imelika. Palikuwa na bonde dogo lenye umbo la sahani: katikati kina chake kilipata inchi moja, na pembeni kilipungua taratibu mpaka kikafutika. Maji ya mtungi yalituama humo, na Nyanya aliyafagia asubuhi na jioni bila kunung'unika.

Nalikuwa kijana mwenye mshahara, na kijana mwenye mshahara hupenda kuonekana. Nikanunua mfuko wa saruji wa kilo 50 mjini, nikaulipia nauli ndani ya basi kama abiria mwenzangu, nikauleta. Nalichanganya sehemu moja ya saruji na tatu za mchanga wa mtoni, nikalijaza lile bonde, nikausogeza udongo ule kwa mwiko kuelekea pembeni, nikaukandamiza na kuusugua mpaka usiweze kujua sakafu mpya imeanzia wapi na ya kale imeishia wapi. Kwa hakika palipendeza. Jirani mmoja alipita akatazama, akasema kwamba elimu haimtupi mtu. Nalifurahi sana kwa neno lile. Baada ya siku kumi nalifunga sanduku langu nikarudi kazini.

Mwezi wa Machi nikapata barua. Ndugu yangu aliandika kwamba kile kiraka kilianza kubanduka pembeni, kwanza vipande vidogo kama shilingi, kisha vikubwa kama kiganja. Nyanya alivifagia kila siku pamoja na majani. Palipobanduka pakabaki kidaraja chembamba chenye meno, na usiku mmoja alipokuwa akienda jikoni kutazama moto, kidole cha mguu kilinaswa pale, akaanguka, akavunjika nyonga. Barua ile naliisoma nikiwa ofisini, mbele yangu pana faili ambalo sikuweza kulifungua tena siku ile.

Mjomba alikuwa Mombasa. Kwa kazi yake alikuwa seremala, lakini alijua uashi pia, kama walivyojua mafundi wengi wa umri wake. Nilipofika nyumbani wakati wa Pasaka nalimkuta amekwisha kuja. Nikamwamkia, akaitika, akaniuliza habari za safari. Nalingoja anikaripie, maana mwanamke aliyelala hospitali alikuwa mama yake mzazi. Hakunikaripia. Alinipa nyundo na patasi ya kukatia mawe, akasema, "Haya, mpwa wangu, kiondoe chote."

Msomaji, yale niliyojifunza siku ile sikuyapata katika kitabu. Pembeni kiraka kilitoka kwa kidole, kama ukoko wa sufuria iliyolowekwa. Sikuhitaji nyundo. Lakini nilipofika katikati, palipokuwa na unene wa inchi, patasi iliruka na mikono ikafa ganzi. Nalifanya kazi tangu asubuhi hata saa tisa ndipo nikakimaliza. Mjomba alikuwa amekaa kizingitini akinoa vyombo vyake. Akaniambia, "Saruji ni ile ile, mchanga ni ule ule, mkono ni ule ule, na siku ni moja. Sasa niambie kwa nini katikati ni jiwe na pembeni ni biskuti."

Sikuweza kumjibu, basi akanieleza. Saruji haikauki kama nguo kwenye kamba. Hugeuka jiwe kwa kushikana na maji, na kazi hiyo yataka siku nyingi. Penye unene, maji hubaki ndani na kazi ikaendelea. Pembeni, ambapo tabaka ni jembamba kama karatasi, juu hewa huyavuta maji na chini sakafu kavu ya kale huyanywa, na kabla ya jua kuchwa hakuna maji tena. Unabaki unga ulioshikana kidogo tu. Tena mchanga una punje. Punje nyingine za mchanga wa mtoni hupata milimita 4 au 5. Ikiwa tabaka limekonda hata milimita 2, punje hiyo itakaa wapi? Ama mwiko utaikokota na kuacha mfereji, ama itajitokeza juu bila kushikwa na kitu. Na mimi kwa kusugua mara nyingi ili pang'ae, nalikuwa nimeyavuta maji na unga wa saruji juu na kuacha chini mchanga mtupu. Yale yaliyomfurahisha jirani ndiyo yaliyokuwa yameharibu kazi.

Ndipo akanionyesha namna ya kufanya. Tulichora mraba kwa chaki kulizunguka lile bonde, nje ya sehemu iliyolika, pale sakafu ya kale ilipokuwa nzima. Tukakata kwa patasi kufuata ule mstari, kwenda chini wima, hata tukawa na shimo lenye kuta zilizosimama na kina cha inchi moja kila mahali, pembeni sawasawa na katikati. Kanuni yake ilikuwa hiyo: kiraka cha saruji na mchanga kisipungue nusu inchi popote, na penye mapito ya watu kipate inchi nzima. Tukaparuza chini ili pasiwe laini, tukaosha vumbi lote, tukamwaga maji yalale humo usiku kucha. Asubuhi tuliyatoa maji yaliyosimama, tukapaka uji wa saruji kwa brashi, na kabla haujakauka tukajaza. Mjomba hakusugua mara nyingi. Alipitisha ubao ulionyoka mara mbili, mwiko mara moja, kisha akafunika kwa magunia yaliyoloweshwa maji, akaniagiza niyanyunyizie siku saba. Likizo yangu ilikuwa ya siku nne tu. Nikaomba ruhusa ya siku nyingine, nikakatwa mshahara, sikujali.

Katika siku hizo saba nalikuwa na nafasi ya kukaa karibu na Mjomba na kumwuliza maswali. Swali lililonisumbua ni hili. Alikuwa akinoa patasi zake za seremala mchana kutwa, akizikondesha makusudi, na kila akikondesha zaidi hufurahi. Iweje basi wembamba uwe sifa katika patasi na uwe aibu katika sakafu?

Alicheka, akanipa patasi moja niishike. Patasi ya kawaida, alisema, husagwa kwanza mteremko wa digrii 25, kisha ncha yenyewe hunolewa juu ya kinoo kwa digrii 30 hivi, ili pale mwisho kabisa pawe na nyama kidogo. Mtu akitaka kukwangua mbao laini kwa nguvu za mkono tu, aweza kushuka mpaka digrii 20. Lakini patasi ya kuchimbia matundu ya ndimi za milango, ambayo hupigwa nyundo, yataka kufikia 35, na ile ya kukatia chuma baridi ambayo nalikuwa nimeishika siku ya kwanza hufika 60. Kadiri pembe inavyokuwa nyembamba ndivyo chombo kinavyopenya kwa wepesi, na ndivyo kinavyovunjika kwa wepesi pia. "Wembe hukata ndevu," alisema, "lakini jaribu kuupiga katika mvule." Na ndani ya mvule, kama waijuavyo maseremala wote, huwa mara nyingine na mawe hasa, chokaa iliyoganda ndani ya mti ulipokuwa hai. Mjomba alikuwa na patasi moja yenye pengo kama jino lililong'oka, kwa sababu ya jiwe kama hilo. Hakuisaga pengo likaisha. Aliiweka vile vile ndani ya sanduku lake, nami sikuthubutu kumwuliza sababu.

Alinionyesha pia namna ya kujua kwamba ncha imekwisha kunolewa. Ukinoa upande mmoja wa kutosha, upande wa pili huota ukingo mdogo wa chuma uliojikunja, mwembamba kama unywele, ambao jicho halioni ila kidole huusikia. Fundi mjinga hufikiri hayo ndiyo makali. Akikata mara moja, unywele ule hukatika na kuacha ncha butu. Yafaa uondolewe kwa kupindua patasi na kuilaza bapa juu ya kinoo, huku na huku, mpaka ukatike wenyewe. Naliposikia hayo nilikumbuka kiraka changu, nikanyamaza.

Basi chuma chaweza kukonda sana kwa sababu chembe zake ni ndogo mno na zimeshikana pande zote. Mchanga na saruji haviwezi, maana punje ni kubwa na zimeshikwa kwa gundi tu. Mbao zi katikati ya hivi viwili. Mbao hukubali kukonda zikifuata nyuzi zake, na zikikatwa kinyume chake hupasuka. Mjomba alipounga mbao mbili ziwe ndefu hakuziunga kichwa kwa kichwa, kwa sababu vichwa vya mbao havishiki gundi. Hunywa gundi kama majani makavu yanavyokunywa maji. Alizichonga zote mbili kwa mshazari mrefu, moja ikilala juu ya nyingine. Kwa ubao wa unene wa inchi moja, mshazari huwa inchi 8 kwa uchache, na penye mzigo mkubwa inchi 12. Kwa njia hiyo kichwa cha ubao hugeuka kuwa ubavu, na gundi hupata mahali pa kushika.

Hata hivyo ile ncha ya mwisho kabisa ya mshazari, ikiachwa iishe kama ulimi wa nyoka, hukunjuka na kuvunjika. Kwa sababu hiyo waunda vyombo vya baharini katika nchi nyingi, wanapounga vipande vya mkuku, hawaachi ncha iishe. Huikata butu, na katika kipande cha pili huchimba kijidaraja cha kuipokea, ili ncha ikae na unene wake, na mwenye kukalafati apige pamba bila kuipasua. Nilipoelezwa jambo hili nalisema, "Mjomba, hicho ndicho kiraka chetu." Akasema, "Ndicho," akaendelea kunoa.

Ama kwa shoka, wazee wetu walikuwa na akili ambayo mimi naistaajabia mpaka leo. Shoka la kienyeji halina tundu. Lina mkia uliokonda, ambao hupenyezwa katika kirungu cha mpini. Kila pigo huusukuma mkia ndani zaidi, kwa hiyo shoka hujikaza lenyewe kwa kazi. Shoka la dukani lina tundu, na tundu hilo upande wa nje ni pana kuliko upande wa ndani. Mpini huingizwa, kisha kabari hupigwa kichwani ili mti utanuke na kuijaza ile sehemu pana. Kabari ikiwa fupi na nene itapasua mpini. Ikiwa ndefu na nyembamba itaingia taratibu na kukaza sana, kwa maana nguvu ya kabari ni urefu wake ukilinganishwa na unene wake. Nimeona watu wakipigilia msumari mahali pa kabari. Watu hao nisingependa kusimama mbele yao wanapokata kuni.

Isidhaniwe kwamba kila kitu kinachopakwa ukutani kinakataa wembamba. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate kuna zidaka za lipu ya chokaa zenye nakshi ambazo kingo zake ni kali kama za mbao zilizochongwa, na nyingine zimedumu tangu karne ya 18. Chokaa safi ni laini kama unga, haina punje kubwa za kuleta ugomvi. Kadhalika siku hizi katika miji yetu dari na kuta za ndani hufanywa kwa mbao za jasi, ambazo mafundi huziita jipsamu. Kingo ndefu za mbao hizo hukondeshwa kiwandani, hata mbili zikikutana hufanya bonde jembamba baina yake. Ndani ya bonde hilo fundi hubandika utepe, hujaza unga wa jasi uliokorogwa, kisha huutandaza kwa upana wa futi moja hivi ukikonda pande zote, akasugua kwa msasa, na mshono usionekane tena. Mwaka juzi nalisimama saa nzima nikimtazama kijana mmoja akifanya hivyo katika nyumba ya mwanangu. Hiyo ndiyo kazi niliyojaribu kuifanya mimi mwaka 1987, isipokuwa yeye alikuwa na unga na mimi nalikuwa na mchanga; tena hakuna apitaye kwa miguu juu ya dari.

Viraka vya barabara ni habari hiyo hiyo, na sitaki kuieleza kwa urefu. Mahali ambapo shimo limekatwa mraba na kuta zake zikasimama, kiraka hukaa. Mahali ambapo lami imemwagwa tu na kusambazwa kwa sepetu mpaka ikonde, mvua ya kwanza huinyanyua. Mwenye kutaka ushahidi na apande matatu.

Nyanya alitoka hospitali mwezi wa Juni. Alipoletwa nyumbani aliomba asimamishwe penye mlango wa jikoni, akatazama ule mraba. Ulionekana wazi, rangi yake tofauti, pembe zake nne kali. Akamwuliza Mjomba kwa nini kiraka cha safari hii kina pembe, maana kile cha mjukuu wake kilikuwa kizuri zaidi. Mjomba alitazama chini. Mimi nalitaka kusema kwamba kile kizuri ndicho kilichomwangusha, lakini neno halikutoka. Nyanya akanyosha mkono akanishika bega kwa kujiegemeza, akasema, "Mjukuu wangu, niletee kiti." Hakulitaja jambo hilo tena mpaka alipofariki mwaka 1996, wala mimi sikupata ujasiri wa kumwomba radhi kwa maneno. Nalimletea sukari kila mwisho wa mwezi. Sijui kama alielewa kwamba ile sukari ilikuwa ombi.

Kabla ya kurudi Mombasa Mjomba alimchongea fimbo ya kutembelea. Aliifanya nene penye kishikio na akaikondesha kwenda chini, kwa randa, ili isimchoshe mkono. Nalidhani ataimaliza kwa ncha, kama fimbo nyingi zilivyo. Lakini ilipobaki unene wa inchi moja aliacha kukondesha, akaikata mwisho wake sawasawa kwa msumeno, akauvika pete ya chuma iliyokatwa katika bomba kuukuu. Nyanya alilalamika kwamba inapiga kelele mno sakafuni na kumwamsha paka. Fimbo ile ingali ikining'inia nyuma ya mlango wa jikoni, na mraba uko chini yake, umechakaa kidogo katikati kwa miguu ya watu, lakini kingo zake zote nne zimekaa.